UZI: Kikumi (Corolla AE100) inayokula mafuta kupita kiasi: tuitibu kwanza, ndipo tuiongezee vitu

Mpimalita – Ntinda, Kampala

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa wenye Corolla AE100, hiyo Kikumi yetu, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Mengi yatawafaa pia wenye Carina na Corona za miaka ya 1990 zenye injini za ukoo wa A.

Kikumi ya gia za mkono iliyo nzima inatakiwa ikupe kama kilomita 13 hadi 15 kwa lita ukiwa njia ya Masaka kwa mwendo wa 80, na 9 hadi 11 ndani ya foleni ya Kampala. Yako ikikupa 7, usikimbilie kutafuta kifaa cha kuongeza. Kuna kitu kimechoka au kimetolewa, na mpaka kirudi mahali pake, chochote utakachofunga juu yake ni hasara.

Lakini kwanza tukubaliane jinsi ya kupima, maana watu wengi humu wanapima kwa taa ya mafuta: "nilitia ya elfu hamsini, ikawaka nikiwa Mukono." Hicho si kipimo. Geji ya Kikumi inadanganya, na bei ya pampu haikai mahali pamoja.

Nenda kituo kimoja, pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Rudisha tripu (kihesabu kilomita cha safari kwenye dashibodi) iwe sifuri. Tembea angalau kilomita 300, kisha rudi palepale ujaze mpaka ikate tena. Gawa kilomita kwa lita. Mfano: kilomita 312, lita 28.4, jibu ni 10.99. Fanya hivyo mara tatu kabla hujagusa spana, upate wastani. Ukipima kwa lita 5 tu, tofauti ya nusu lita mahali pampu ilipokatia inatosha kuharibu hesabu yote.

Nitaomba kila mwenye ujuzi achukue sehemu yake. Fundi wa Bombo, wewe anza na magurudumu.

---

Nakato_14 – Mukono

Kabla fundi hajaja, swali ssebo. Langu lilikuja na tairi 175/70R13, sasa linavaa 185/65R14. Hesabu hiyo bado ni sawa?

---

Mpimalita

Si sawa dada, na gari lako unalionea. Kipenyo cha 175/70R13 ni milimita 575. Cha 185/65R14 ni milimita 596. Tairi lako ni kubwa kwa asilimia 3.6, kwa hiyo kila tripu inaposoma kilomita 100 wewe umekwenda 103.6. Zidisha kilomita za tripu kwa 1.036 ndipo ugawe. Ile 312 kwa lita 28.4 inakuwa 11.4 badala ya 11.

Kama hujui tairi la mwanzo lilikuwa lipi, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiwa kimebanduka, washa GPS ya simu, endesha kilomita 20 za njia iliyonyooka, linganisha na tripu.

---

FundiBombo

Nimefika. Breki.

Nusu ya Kikumi zinazolalamikiwa mafuta zinavuta breki zake zenyewe. Dereva hajui kwa sababu gari linazoea polepole.

Kipimo cha haraka: tembea kilomita 10 njia wazi bila kukanyaga breki kwa nguvu, mwishoni liache lisimame lenyewe. Shuka, nyunyizia matone ya maji kwenye kila rimu karibu na kitovu. Maji yakichemka kwenye gurudumu moja na mengine yako vuguvugu tu, umeshampata.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi kwa sababu kinatoa namba. Tafuta mzani wa kuning'iniza, ule wa wachuuzi wa nyama au kahawa, wa kilo 50. Gari liwe kwenye saruji tambarare, gia huru, handibreki chini, upepo wa tairi uwe sawa. Funga kamba kwenye ndoano ya mbele, vuta kupitia mzani. Kuling'oa litadai nguvu zaidi, hiyo usiisome. Soma likiwa tayari linatembea polepole. Kikumi ina uzito wa karibu tani moja; ikiwa huru itasoma kilo 10 hadi 15. Ikisoma 25 au 30, kuna kitu kinashika. Geuka uvute upande wa pili, chukua wastani, maana saruji ya "tambarare" mara nyingi si tambarare.

Ukishajua linashika, piga jeki, uliweke juu ya stendi (si mawe, tafadhali), zungusha gurudumu moja moja.

Mbele: kalipa (kibanio cha pedi za breki) ya Kikumi inateleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka au mpira wake ukichanika, vumbi la murram linaingia, kalipa hairudi, pedi ya ndani inakwisha na ya nje bado nene. Ukiona pedi za gurudumu moja zimelika tofauti, hilo ndilo tatizo. Toa pini, safisha kwa msasa laini namba 600 au zaidi, paka grisi ya breki inayovumilia joto. Usipake grisi ya beringi. Ile inavimbisha mpira, na baada ya mwezi pini imeganda kuliko mwanzo.

Kama gurudumu bado ni gumu, fungua nipo ya kutolea upepo wa breki robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani: hosi ya mpira imevimba kwa ndani, inapitisha kwenda lakini hairudishi. Badilisha hosi zote mbili za mbele. Yakiwa magurudumu yote mawili ya mbele yanashika pamoja, angalia kwanza kama pedali ina mchezo kidogo juu. Fimbo ya masta silinda (pampu kuu ya breki) iliyorefushwa kupita kiasi inaziba njia ya kurudishia mafuta. Ukifungua nipo na hakuna kilichobadilika, basi ni pini au pistoni yenye kutu.

Nyuma: handibreki ikae kati ya mibofyo 4 na 7. Mafundi wengi wakiona inapanda juu wanakaza kebo tu. Kosa. Kwanza rekebisha viatu (vipande vinavyobana dramu) ndani ya dramu kwa gurudumu dogo la meno, ndipo ukaze kebo. Ukikaza kebo kwanza, viatu havirudi kamwe, na ukipanda mlima wa Kabale dramu zinanuka.

Nati za magurudumu kaza kwa Nm (nyutoni-mita) 103. Mwanamume akisimama juu ya bomba refu la spana anapita hapo mbali sana na kupinda diski.

---

Okello_Gulu

Asante mzee. Na upepo wa tairi je? Kila mtu ana namba yake.

---

FundiBombo

Anza na kibandiko. Kwa Kikumi ni karibu psi 30 hadi 32. Pima asubuhi kabla hujatembea. Kwa lami unaweza kwenda 35 bila wasiwasi mradi hujapita kiwango cha juu kilichochongwa ubavuni mwa tairi. Tairi lenye 22, na ziko nyingi sana barabarani, linakula mafuta na mabega yake yote mawili.

Usipunguze upepo tairi likiwa la moto eti umezidi. Likipoa utakuwa chini.

Halafu alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama msumeno ukirudi, tairi linaburuzwa ubavu. Badilisha tairodi (fimbo ya usukani inayoshika gurudumu) iliyolegea kabla ya kupima alaimenti, vinginevyo unalipia namba zisizokaa.

---

Zubeda_Arua

Habari zenu ndugu. Mimi nashika thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini), na naomba mnisome mpaka mwisho, maana hapa ndipo Kikumi za Uganda zimeumizwa zaidi.

Fungua nyumba ya thamostati ya magari kumi yaliyopita gereji nyingi. Hutashangaa kukuta nyingi ziko tupu. Ilitolewa siku gari lilipochemka, dereva akaambiwa "hii ni ya nchi za baridi." Si kweli. Injini ya 5A-FE imekusudiwa kufanya kazi ikiwa na maji ya nyuzi 80 na kitu, iwe Sapporo ya Japani au Arua. Bila thamostati, ukiwa njia kuu kwa mwendo wa 80 upepo unapoza maji mpaka 60 au chini yake. Kompyuta ya injini inaposoma injini bado ni baridi, inaongeza petroli, kama vile choki ya zamani ilivyovutwa ikasahaulika. Oili inabaki nzito. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Na kwenye gia za otomatiki za Toyota nyingi za wakati huo, gia ya 4 hairuhusiwi mpaka injini ipate moto, kwa hiyo unakwenda Pakwach na gia ya 3.

Kuna jambo jingine. Thamostati ya injini hii ina kisahani cha pili chini yake kinachofunga njia ya mkato ya maji injini ikishapata moto. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima, sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo kwenye foleni au mlima mrefu gari lisilo na thamostati linaweza kuchemka upesi zaidi. Yaani unapata hasara zote mbili: baridi njiani, moto mjini.

Nunua ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, ipime jikoni. Sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi katikati isiguse chini, tia kipimajoto. Maji yakifika 80 hadi 84 utaiona inaanza kupumua: mstari mwembamba mweusi unatokea kuzunguka kisahani, halafu pengo. Ikifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Weka kifuniko cha kalamu uone kama pengo linatosha. Huko Kampala maji yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo mtafika. Kabale yanachemka kama 93, msiitupe thamostati nzima kwa kuwa haikufika 8 kamili. Itoe kwenye maji, ipoe, ijifunge yenyewe mpaka mwanga usipite. Ile isiyofunga vizuri ni sawa na kutokuwa nayo.

Ukiifunga, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, ndicho kinachotoa hewa. Badilisha mpira wake. Jaza maji yenye kulenti (si ya bomba matupu), acha kofia ya rejeta wazi, washa hita ya ndani iwe moto kabisa, injini inguruma mpaka mpira wa chini wa rejeta upate moto ghafla. Hapo imefunguka. Ongeza maji, funga.

---

Dereva_Natete

Lakini dada, yangu ilitolewa kwa sababu ilikuwa inachemka kweli. Nikirudisha si itachemka tena?

---

Zubeda_Arua

Itachemka ndugu yangu, kwa sababu kilichoichemsha hakijatibiwa. Thamostati ilisingiziwa. Tafuta kati ya haya: rejeta imeziba (gusa uso wake injini ikiwa ya moto imezimwa, feni imechomolewa, sehemu baridi ndiyo iliyoziba), kofia ya rejeta mpira wake umekufa, feni haiwaki, au gasketi ya silinda hedi inapitisha gesi.

Kwenye feni uwe makini. Kwenye Kikumi swichi ya joto ikichomolewa waya wake, feni inazunguka muda wote ukiwasha ufunguo. Mafundi wanalijua hilo na wanaliacha hivyo kama "tiba". Ukisikia feni inaanza palepale unapofungua ufunguo asubuhi, ujue. Inakula umeme, alteneta inakula nguvu za injini, na kama thamostati haipo maji hayapati moto.

---

UmemeWaGari – Jinja

Hapo sasa naingia mimi, maana alichoeleza Zubeda kina pacha wake upande wa umeme.

Kuna sensa mbili za joto la maji. Ya waya mmoja inapeleka habari kwenye geji ya dashibodi. Ya waya mbili inapeleka kwenye kompyuta. Geji inaweza kukaa katikati vizuri huku kompyuta inaambiwa nje kuna barafu. Chomoa ile ya waya mbili, pima kwa mita ya umeme upande wa ohm: kwa nyuzi 20 kilo-ohm 2 hadi 3, kwa 40 kilo-ohm 0.9 hadi 1.3, kwa 80 kilo-ohm 0.2 hadi 0.4. Injini ya moto ikisoma 1 na kitu, badilisha sensa, au soma tena alichoandika Zubeda.

Kusoma makosa hauhitaji mashine. Fungua kile kisanduku cheusi karibu na shokabsoba kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani. Unganisha matundu yenye alama TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kuwasha injini, hesabu mimuliko ya taa ya injini. Ikimulika mfululizo kwa haraka, hakuna kosa. Mimuliko 2, pumziko, 2 ni kosa 22, sensa ya maji. 2 na 1 ni sensa ya oksijeni. 3 na 1 ni sensa ya mvuto wa hewa. 4 na 1 ni sensa ya kanyagio la hewa. 4 na 2 ni spidi. Kama taa ya injini haiwaki kabisa ukifungua ufunguo, balbu imeungua au imetolewa kwa makusudi wakati wa kuuza gari. Rudisha balbu kwanza.

Sensa ya oksijeni: pasha injini moto, shika mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, mita kwenye volti za DC. Isome inaruka kati ya karibu 0.1 na 0.9, angalau mara 8 kwa sekunde 10. Ikilala karibu na sifuri, usikimbilie kuinunua. Angalia kama manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka silinda) ina ufa au gasketi inayovuja kabla ya sensa. Pale hewa ya nje inafyonzwa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti petroli ni haba, kompyuta inaongeza. Unaweka sensa mpya na ulaji unabaki palepale. Ufa huo unausikia asubuhi, tiki-tiki-tiki inayopungua chuma kikitanuka, na unauona kama masizi meusi kwenye ukingo wa gasketi.

Ikilala juu karibu na 0.9 muda wote, petroli kweli imezidi. Hapo mambo mawili ya bei ndogo: chomoa mpira mwembamba wa mvuto kwenye regyuleta (kidhibiti cha shinikizo) ya petroli, huku injini inanguruma. Petroli ikitiririka au hata kunuka wazi ndani ya mpira, ngozi ya regyuleta imepasuka na injini inanyweshwa kwa mlango wa nyuma. Ukiwa na geji ya shinikizo, iwe psi 38 hadi 44 mpira ukiwa umechomolewa na 30 hadi 37 ukiurudisha. La pili ni mpira unaokwenda kwenye sensa ya mvuto kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ukipasuka, sensa inadhani umekanyaga mpaka mwisho. Moshi mweusi, plagi nyeusi, kilomita 5 kwa lita. Mpira wa sentimita chache tu.

Injekta (vinyunyizio vya petroli) zikipelekwa kuoshwa, dai kuona kila moja inavyomimina kwenye kioo, kabla na baada. Zote nne zilingane, na ikifungwa isidondoshe zaidi ya tone moja kwa dakika. Rudisha na mipira mipya.

---

Nakato_14

Na taimingi (wakati wa kupiga cheche)? Fundi wangu anazungusha distributa (kigawa cheche) kwa masikio.

---

UmemeWaGari

Masikio hayatoshi, hata ya fundi mzuri. Kuna mtego hapa. Taimingi ya msingi ni nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, LAKINI lazima TE1 na E1 ziwe zimeunganishwa na injini iwe ya moto. Bila kiunganishi hicho kompyuta yenyewe inasogeza mbele. Fundi akiona 10 bila kiunganishi, kwa kweli ameirudisha nyuma nyuzi kadhaa. Gari linakuwa zito, unakanyaga zaidi, ekzosi inapata moto, petroli inakwenda. Ukimaliza toa kiunganishi, mulika tena kwa taa ya taimingi uone alama inasogea mbele. Isiposogea, kompyuta haidhibiti taimingi na kuna kosa lingine.

Alama ikikataa kufika 10 hata distributa ikifika mwisho wa nafasi yake, mkanda wa taimingi umeruka jino. Hilo hutokea ulipobadilishwa kwa haraka.

Ukichomoa waya za plagi na kukuta oili kwenye visima, mipira ya mabomba chini ya kifuniko cha valvu imekufa. Kifuniko kinatoka, mipira minne na gasketi yake vinabadilishwa kwa saa moja. Waya iliyolowa oili inavuja cheche. Kila waya upime: isizidi kilo-ohm 25.

---

SpeaKisekka

Nichangie kwenye plagi kwa sababu za bandia zimejaa. Kikumi inakubali NGK BKR5EYA yenye pengo la milimita 0.8, au ile yenye -11 mwishoni ambayo pengo lake ni 1.1. Pima kwa fila geji hata kama ni mpya. Ile herufi R maana yake ndani kuna kizuizi cha umeme, kwa hiyo ukipima kutoka kichwani mpaka ncha ya katikati mita isome kilo-ohm kadhaa, karibu na 5. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, rudisha dukani. Zile nne zikipishana sana pia rudisha. Kaza Nm 18. Kwa mkono ni mpaka iguse kisha nusu mzunguko kwa mpya yenye washa.

Oili: watu wananunua 20W-50 kwa sababu "injini imezeeka". Kama haili oili, tia 10W-30 au 5W-30. Lita 3 na kidogo pamoja na filta, fuata kijiti. Kama inakula lita nzima kila kilomita 1,000, oili nzito inaficha tu. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): nzima ni karibu psi 190, ikishuka chini ya 142, au silinda zikipishana zaidi ya 14, ni kufungua injini.

Filta ya hewa mnaisingizia. Kwenye injini hii petroli inapimwa kwa mvuto wa hewa baada ya filta, kwa hiyo filta chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Ibadilishe kwa ajili ya kuzuia vumbi lisile pistoni. Usiioshe kwa petroli, na angalia mpira mkubwa wa hewa haujapasuka kwenye mikunjo.

---

Mpimalita

Sasa, na sasa tu, tuongee kuongeza vitu. Gari limepimwa, linateleza, linapata moto sawasawa, taa ya injini inasema hakuna kosa.

Kitu chenye faida ya uhakika ni kile kilichokuwepo kiwandani: plastiki za chini ya injini. Karibu Kikumi zote zimezipoteza kwenye matuta na mashimo. Upepo unaingia chini ya bampa, unagonga injini, giaboksi, ekzosi. Wahunzi wa Katwe watakukatia bati la alumini la milimita 1 hadi 1.5, kutoka chini ya bampa mpaka kwenye fremu ndogo ya mbele. Acha tundu la kumwagia oili na la filta, acha nafasi ya angalau sentimita 5 kutoka bomba la ekzosi, tumia bolti zenye washa pana na mpira ili lisipige kelele. Karatasi ya plastiki karibu na ekzosi usiweke, itawaka.

Toa keria ya juu kama huitumii. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 inaongezeka kwa asilimia 56. Hakuna kifaa dukani kitakachokurudishia hicho.

Tairi nyembamba za kiwanda zinakula kidogo kuliko pana. Rimu za 15 zenye tairi 195 ni mapambo yanayolipiwa kila unapojaza.

Na kitu kinachokufundisha mguu: geji ya mvuto wa hewa. Kwa pwani injini nzima ikinguruma tu inasoma inchi 18 hadi 20 za zebaki. Punguza inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo Kampala tarajia 14 hadi 16. Ukiendesha, shika sindano isishuke karibu na sifuri isipokuwa unapita lori. Mwenye mkono wa elektroniki ajenge MPGuino, kifaa kidogo cha kuonyesha ulaji wa mafuta. Inahesabu muda injekta inavyofunguka na mapigo ya sensa ya spidi. Kwa Toyota za Japani zenye spidi ya umeme, si ya kebo, anza na mapigo 2,548 kwa kilomita, kisha usahihishe kwa kujaza tangi.

---

Kigezi_Moja – Kabale

Mheshimiwa, umeacha kuziba grili. Kuna watu wanaziba nusu ya grili kwa kadibodi ili injini ipate moto upesi. Huku juu asubuhi ni baridi.

---

Zubeda_Arua

Huko kwenu asubuhi sawa, ukiwa na thamostati na feni inayowaka yenyewe, na uziba nusu ya juu tu, si mbele ya rejeta yote. Lakini ukianza kupanda na mzigo saa sita mchana, toa. Kwa sisi wa chini sioni faida inayostahili hatari hiyo.

---

Kigezi_Moja

Nimeelewa dada. Na kushuka mlima kwa gia huru? Madereva wengi hapa wanafanya hivyo ili kuokoa.

---

UmemeWaGari

Hawaokoi, na breki zinakufa. Ukiachia kanyagio ukiwa kwenye gia na mizunguko iko juu ya 1,500 au karibu na hapo, kompyuta inakata injekta kabisa. Petroli sifuri, injini inazungushwa na magurudumu. Ukitoa gia, injini inahitaji petroli ili isizime, karibu lita 0.7 kwa saa. Shuka na gia ya 3. Mita ya MPGuino itakuonyesha sifuri hiyo kwa macho yako.

Kwa hesabu hiyohiyo, foleni ikisimama zaidi ya dakika moja, zima. Mradi betri na stata ni nzima.

---

Dereva_Natete

Kuna jamaa anauza chupa ya maji inayotoa gesi ya haidrojeni, na mwingine sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli. Na wa tatu anasema nikate katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi).

---

UmemeWaGari

Sumaku: petroli haivutwi na sumaku, hakuna kinachobadilika. Chupa: umeme wa kuvunja maji unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na petroli, na ukichoma ile gesi unarudishiwa kidogo kuliko ulichotoa. Ukiunganisha vibaya unaweka hewa ya ziada, sensa ya oksijeni inadanganywa. Kizuizi cha umeme kwenye sensa ya maji au ya hewa ili "kupunguza petroli" ni hatari zaidi, injini inagonga ukiwa na mzigo na pistoni zinatoboka. Katalisti iliyo nzima haizuii kitu. Iliyoziba ndiyo inayozuia. Geji yako ya mvuto itasema: shika 2,500, sindano ikishuka polepole badala ya kukaa, ekzosi imeziba. Badilisha, usitoboe.

Petroli ya bei ya juu pia haisaidii injini hii kama haigongi.

---

Okello_Gulu

Langu ni otomatiki. Taa ya O/D OFF inawaka muda wote dashibodini. Ina uhusiano?

---

FundiBombo

Bonyeza kitufe ubavuni mwa lever ya gia. Ikizimika, ulikuwa unaendesha bila gia ya 4. Ikimulika badala ya kuwaka tu, giaboksi ina kosa. Soma kwa TE1 na E1 kama ulivyoelekezwa juu, ila hesabu mimuliko ya taa ya O/D OFF yenyewe.

---

Nakato_14

Swali la mwisho kwangu. Geji ya mvuto naichomekea wapi? Nimeona mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ukutani, uko karibu sana.

---

Mpimalita

Usiuguse huo dada. Ni ule wa sensa ya mvuto alioueleza UmemeWaGari; kiungo kikivuja hata kidogo, kompyuta inaongeza petroli. Chukua kutoka kwenye tundu lingine la manifoldi, au ukate mpira wa regyuleta uweke kiungo cha T chenye vibano pande zote tatu. Tumia mpira mpya wa ndani milimita 4, na weka kizuizi chenye tundu la milimita 1 kabla ya geji ili sindano isitetemeke. Ukimaliza washa injini, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likinyonywa ndani, kaza.